Mhandisi na Neno Lake

Kujua ni nusu ya elimu; nusu ya pili ni kumjulisha asiyejua. Mtu aweza kulijua jambo kwa ukamilifu, akalipima na kulifanyia hesabu zake zote, lakini kama hawezi kulieleza likaeleweka, jambo hilo hufa naye. Kazi ya mkono hujieleza yenyewe: mlango uliochongwa vizuri hauhitaji wakili. Utafiti sivyo ulivyo. Utafiti ni dai. Kila dai hutaka ushahidi, na kila ushahidi hutaka ulimi wa kuutoa mbele za watu. Ndiyo maana mhandisi, ambaye tangu ujana wake alidhani ya kuwa ameikimbia lugha akaingia katika hesabu, hukuta mwisho wa safari yake lugha imekaa mlangoni ikimngoja.

Mkoa wa Songwe una mfano wa jambo hili uliotengenezwa na mbingu. Katika kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, limelala pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani, nalo huitwa Kimondo. Urefu wake ni kiasi cha mita tatu, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Sehemu kubwa ya mwili wake ni chuma, na sehemu ndogo ni nikeli. Wenyeji walilijua kwa vizazi vingi, wakaliheshimu na kulinyamazia. Mwaka 1930 mpimaji wa ardhi aliliona akaliandikia habari, na tangu siku hiyo vitabu vya sayansi husema ya kwamba Kimondo kiligunduliwa mwaka 1930. Walioliona kwanza hawatajwi. Aliyeandika ndiye anayetajwa. Huenda hiyo si haki, lakini ndiyo kanuni ya dunia ya elimu: macho yasiyo na kalamu huhesabiwa kuwa hayakuona.

Kutoka kilima hicho barabara kuu huelekea magharibi, hupita Vwawa, makao makuu ya mkoa uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, hata ifike Tunduma. Ni shida kuupata mji mwingine wa Tanzania unaoishi kwa kazi za wahandisi kama huu. Barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia hupita katikati yake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860, huvuka mpaka hapo. Bomba la mafuta liendalo Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968, limezikwa katika ukanda huohuo. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho msafiri hukaguliwa mara moja kwa niaba ya nchi zote mbili, kilizinduliwa mwaka 2019. Malori yaliyobeba shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kuelekea bandarini, na malori yaliyobeba bidhaa na mafuta hupanda kuelekea bara. Mtoto wa Tunduma hujifunza kuhesabu kwa magurudumu.

Achukuliwe kwa mfano mwanafunzi mmoja aliyezaliwa katika mji huo. Lugha yake ya kwanza ni Kinyamwanga, lugha isiyoujua mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, maana husemwa Tunduma na husemwa Nakonde ng'ambo ya pili. Sokoni, stendi na katika shule ya msingi ya umma hutumia Kiswahili, ambacho kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule hizo mwaka 1967. Katika shule hiyo Kiingereza kilikuwa somo moja miongoni mwa masomo. Kisha akaingia kidato cha kwanza, na kwa siku moja kile kilichokuwa somo kikageuka kuwa chombo cha masomo yote. Fizikia ikaja kwa Kiingereza, hesabu kwa Kiingereza, hata kilimo cha kahawa, ambacho watu wa Mbozi hukijua toka shambani, kikaja kimevaa mavazi ya ugeni.

Alivuka kipindi hicho kama wavukavyo wengi: kwa kukariri. Hesabu zilimwokoa, kwa kuwa alama za hesabu hazina kabila. Akasoma uhandisi, akapata shahada ya kwanza, akarudi kusomea uzamili. Tanzania ya leo ina mahali kadha pa kufanyia hivyo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyoundwa kwa ajili ya masomo ya juu ya sayansi na uhandisi, ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Karibu zaidi na Songwe kiko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, na chuo kikuu mwaka 2012. Popote aendapo, sharti ni lile lile: aandike tasnifu kwa Kiingereza, aitetee mbele ya watahini kwa Kiingereza, na matokeo yake ayapeleke katika jarida ambalo wasomaji wake hawapajui Tunduma wala hawatapajua.

Hapo ndipo mwalimu wa lugha huitwa. Mara nyingi huitwa kama aitwavyo fundi wa kupaka rangi: nyumba imekwisha, njoo uipambe. Msimamizi humwambia ya kuwa kazi ya mwanafunzi ni nzuri ila Kiingereza chake kina makosa. Mwanafunzi naye huleta kurasa mia akiomba zinyooshwe. Wote wawili huamini ya kwamba ugonjwa uko juu ya ngozi.

Makosa ya juu ya ngozi yapo kweli, wala hayana aibu, kwa sababu kila moja lina asili yake. Kiswahili hakina vile vineno vidogo ambavyo Kiingereza hutanguliza mbele ya majina ili kuonyesha kama kitu kinajulikana au hakijulikani. Basi mwanafunzi huvisahau pote, au huvinyunyiza pote kama chumvi. Kiswahili humtaja mwanamume na mwanamke kwa kiambishi kimoja. Basi katika Kiingereza mama mwenye duka hugeuka bwana katika mstari wa pili. Watu wengine huchanganya sauti mbili zinazokaribiana, na kwa kuwa wamezichanganya katika matamshi, huzichanganya pia katika maandishi. Makosa haya hutibika. Mwalimu mvumilivu na mwanafunzi mwenye bidii huyapunguza katika muda wa miezi, na mabaki yake hayamzuii msomaji kuelewa.

Tena kuna mahali ambapo Kiswahili, badala ya kuwa kizuizi, huwa ngazi. Wanafunzi wengi hawajui ni lini Kiingereza cha utafiti hutaka wakati uliopita na ni lini hutaka wakati wa siku zote. Kanuni za vitabu huwachosha. Lakini mwulize Mswahili tofauti ya kusema "lami hulainika kwa joto" na "lami ililainika siku ile ya kipimo." Hata mtoto hujibu ya kuwa neno la kwanza ni tabia ya lami na la pili ni tukio la siku moja. Basi mwanafunzi akiambiwa ya kwamba penye "hu" aandike tabia na penye "li" aandike tukio, mara moja hupata alichokikosa kwa miaka saba. Alikuwa nacho nyumbani, akitafuta kwa jirani.

Ugonjwa mkubwa, hata hivyo, uko ndani zaidi. Mwanafunzi wa mfano huu alichagua kuchunguza mifereji inayochimbwa na magurudumu katika barabara kuu ya mkoa wake. Kila dereva wa njia hiyo huijua mifereji hiyo: lami hudidimia palipokanyagwa na matairi, hunyanyuka pembeni, mvua hujaza maji ndani yake, na gari dogo likiingia humo usukani humponyoka dereva. Jambo hili ni la uhai na mauti. Lakini aya ya kwanza ya tasnifu, ukiipindua kutoka Kiingereza, ilisema hivi: "Imebainika ya kwamba uharibifu wa miundombinu ya barabara ni suala mtambuka linalosababishwa na sababu mbalimbali za kimazingira, kiufundi na kiutendaji, ambazo zinahitaji kuangaliwa kwa upana wake kwa kuzingatia maendeleo endelevu."

Hakuna kosa hata moja la sarufi katika aya hiyo, wala hakuna neno hata moja ndani yake. Mtu aliyeiandika hakuwa mjinga, bali alikuwa mwoga. Alijua ya kuwa katika lugha ya kigeni kila hatua yaweza kumtelezesha. Kwa hiyo alikanyaga tu mahali palipokanyagwa na wengine kabla yake. Maneno makubwa yaliyoazimwa kwa watu humficha mwenye nayo kama blanketi: ndani ya blanketi hakuna baridi, lakini hakuna pia wa kumwona. Tabia hii si ya Watanzania pekee. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani huzaliwa katika Kiingereza, nao hujifunika vivyo hivyo.

Mwalimu mwenye busara haisahihishi aya ya namna hiyo, maana hakuna cha kusahihisha. Huiweka kando, hufunga daftari na kuuliza kwa Kiswahili:

"Hebu nieleze, ndugu yangu. Barabara inaharibika wapi zaidi?"

"Penye mlima, Mwalimu. Pale Senjele. Na tena pale malori yanaposimama foleni kungoja kuvuka mpaka."

"Malori ni yale yale na lami ni ile ile. Kwa nini hapo na si mahali pengine?"

"Kwa sababu ya mwendo. Lami ni kama asali, Mwalimu. Chupa ya asali ukiipindua ukairudisha upesi, asali haimwagiki. Ukiiacha imeinama, itashuka polepole hata ifike mdomoni. Lori likipita mbio, gurudumu huigusa lami kwa kitambo kidogo mno, nayo hurudi ilivyokuwa. Lori likipanda mlima kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, gurudumu hukawia. Likisimama juani, hukaa. Lami husukumwa pembeni kidogo kidogo, na hairudi tena."

"Umelipima hilo au umelisikia?"

"Nimelipima. Nimepima kina cha mifereji penye tambarare, penye mlima na penye foleni."

"Basi mbona hukuliandika?"

Mwanafunzi hunyamaza. Kisha husema kwa sauti ndogo ya kuwa alidhani jambo linaloeleweka kirahisi namna hiyo halistahili kuandikwa katika tasnifu.

Jibu hili ndilo moyo wa shida yote. Miaka mingi ya kusoma katika lugha asiyoimiliki imemfundisha kijana ya kwamba elimu ni kitu kisichoeleweka vizuri, na ya kwamba kinachoeleweka vizuri si elimu. Shule haikusema hivyo kwa kinywa. Ilisema kwa desturi. Alipoelewa nusu, alipewa alama. Alipokariri asichoelewa, alipewa alama zaidi. Mtu aliyelelewa hivyo akifikia kuandika, huogopa uwazi kama mwizi aogopavyo mwanga, ilhali yeye hakuiba kitu. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumrudishia imani ya kuwa maelezo yake kuhusu asali ni sayansi, na ya kuwa ile aya yenye maneno makubwa si sayansi.

Baada ya hapo kalamu huenda upesi. Yale aliyoyasema kwa kinywa huandikwa kwa Kiswahili, kisha hutiwa katika Kiingereza. Sentensi hutoka fupi. Kitenda hutangulia, kitendo hufuata, kipimo hukaa mahali pake. Mfano wa asali huenda usiingie katika jarida, lakini umbo lake hubaki: mzigo, muda, joto, na lami inayotiririka. Mwanafunzi hushangaa kuona ya kwamba Kiingereza chake kimekuwa bora ingawa hakujifunza neno jipya hata moja. Hakuongezewa maneno, alipunguziwa woga.

Yako mambo mengine ambayo ni desturi tu, na desturi hufunzika. Katika nyanda za Mbozi, mtu mwenye adabu haendi moja kwa moja kwenye shauri lake. Hubisha hodi, huamkia, huuliza habari za watoto na za shamba, na baada ya hayo husema kilichomleta. Mwanafunzi hupeleka adabu hii katika maandishi: kurasa kumi za mwanzo humsifu Mungu na serikali, hueleza umuhimu wa barabara tangu zama za kale, na shauri lenyewe hulijia msomaji amekwisha kusinzia. Msomaji wa jarida la uhandisi ni mgeni asiye na kiti. Amesimama mlangoni na anataka kujua mambo manne: tatizo ni nini, lilichunguzwa vipi, nini kilionekana, na kilichoonekana kina maana gani. Kumweleza mapema si utovu wa adabu. Kwake yeye hiyo ndiyo adabu. Mwalimu asimwambie mwanafunzi ya kuwa desturi ya kwao ni mbaya. Amwambie ya kuwa kila baraza lina salamu zake.

Jambo lililo gumu kuliko yote ni kipimo cha uhakika. Dunia ya wahandisi wa barabara ina kanuni moja mashuhuri. Kati ya mwaka 1958 na 1960 yalifanywa majaribio makubwa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, ambapo malori yalizungushwa juu ya barabara za majaribio hata zikaharibika. Katika majaribio hayo ilionekana ya kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli, bali huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito huo. Maana yake ni nzito. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 12, mzigo umezidi kwa moja ya tano tu, lakini uharibifu umezidi mara mbili. Ikibebeshwa tani 20, uharibifu huwa mara kumi na sita.

Mwanafunzi hulipenda neno hili kwa kuwa lina nguvu, na huandika ya kwamba malori yaliyozidisha mzigo ndiyo yaliyoiharibu barabara ya Songwe. Hapo mwalimu humzuia kalamu. Je, alipima mzigo wa malori hayo yote? Hakupima. Je, lami ya Songwe ni lami ya Illinois? Sio. Je, kipeo ni cha nne daima? La, wahandisi wenyewe husema ya kuwa hubadilika kwa kadiri ya aina ya barabara na aina ya uharibifu. Basi aseme nini? Kiswahili kina ngazi nzuri ya maneno kwa kazi hii: bila shaka, yaelekea, yamkini, huenda. Kiingereza nacho kina ngazi yake. Mwanafunzi hufundishwa kukipanga kila alichokisema katika daraja linalostahili. Kina cha mifereji alikipima mwenyewe: bila shaka. Kwamba mwendo wa polepole huizidisha mifereji: yaelekea sana, maana vipimo vyake vyashuhudia na wengine wameona hivyo hivyo. Kwamba mizigo iliyozidi imechangia: yamkini, na utafiti mwingine unahitajika.

Watu wengine hudhani ya kuwa kusema hivi ni udhaifu. Kumbe ndio uaminifu. Shahidi anayesema "sijui" pale asipojua ndiye anayesadikiwa anaposema "najua." Na hapa somo la lugha limekoma kuwa somo la lugha, limekuwa somo la tabia. Haiwezekani kumfundisha mtu kuandika sentensi ya kweli bila kumfundisha kuitafuta kweli.

Siku ya utetezi hufika. Mtahini huuliza swali ambalo halikutazamiwa: "Kama wewe ungekuwa waziri, ungefanya nini?" Mwanafunzi aliyekariri hukwama, kwa kuwa swali halimo katika kurasa zake. Mwanafunzi aliyeelewa husimama kitambo, hujiuliza kwa Kiswahili, na hujibu kwa Kiingereza chenye makosa mawili na fikira moja iliyonyooka. Watahini huandika makosa mawili pembeni na fikira katikati. Haki hutendeka.

Bado liko swali ambalo haliwezi kuepukwa na mtu yeyote anayefundisha kazi hii katika Tanzania. Kwa nini Kiingereza? Ikiwa mwanafunzi hufikiri kwa Kiswahili na hueleza vizuri kwa Kiswahili, kwa nini asiandike kwa Kiswahili? Swali hili lina umri. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985 na katika vyuo vikuu kuanzia mwaka 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Wanaosema ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi husahau ya kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Na wanaosema ya kwamba sayansi ina lugha yake ya milele husahau Newton. Kitabu chake kikuu, Principia, alikitoa mwaka 1687 kwa Kilatini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya wenye elimu. Mwaka 1704 alitoa Opticks kwa Kiingereza. Lugha inayotawala elimu leo ilikuwa jana lugha ya nyumbani. Haikupewa elimu na mbingu; ilipewa na watu walioitumia.

Hata hivyo, mwanafunzi wa leo hawezi kungoja karne. Lami ya barabara za milima inachunguzwa China, India, Brazili na Afrika Kusini, na wanaoichunguza husomana kwa Kiingereza. Akijitenga nao atagundua mwaka huu lililogunduliwa miaka thelathini iliyopita, na alilogundua yeye halitamfikia yeyote. Vijana wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Beijing miaka ya 1970 kusomea mambo ya reli hawakupungukiwa utu wao kwa kusoma katika nchi ya watu. Walikwenda kwa sababu reli ilikuwa yao, na walirudi kwa sababu hiyo hiyo. Ubaya haumo katika kwenda. Umo katika kutorudi.

Kurudi huko ndiko kunakosahauliwa. Tasnifu ina wasomaji wawili. Wa kwanza yuko mbali, naye hufikiwa kwa Kiingereza. Wa pili yuko Mpemba, karibu na Tunduma, kwenye mizani ambapo malori hupimwa: ni karani anayesoma uzito, ni dereva anayelalamika kuwa amezidisha kidogo tu, ni utingo anayeamini ya kuwa barabara huharibiwa na mvua peke yake, ni diwani anayeulizwa na watu kwa nini lami haidumu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaliwekea lori kikomo cha jumla ya tani 56, lakini sheria isiyofahamika sababu yake huonekana kuwa njama ya kuwatoza watu faini. Dereva akielezwa ya kwamba moja ya tano ya ziada huharibu mara mbili, na ya kwamba mfereji unaochimbwa na lori lake ndio utakaompindua ndugu yake ndani ya basi usiku wa mvua, pengine ataendelea kuzidisha. Lakini hatazidisha tena kwa kutojua.

Nani atamweleza? Mwandishi wa jarida la ng'ambo hamjui. Waziri yuko mbali. Aliye karibu ni yule aliyezaliwa Tunduma, aliyepima mifereji kwa mikono yake, na aliyeanza kuielewa kazi yake siku alipoifananisha na asali. Basi ingefaa kila tasnifu ya uhandisi iandikwe kwa Kiingereza ikiwa ndivyo dunia itakavyo, na iambatane na kurasa chache za Kiswahili zinazoeleweka na mtu aliyeko kwenye mizani. Kurasa hizo zisitazamwe kama huruma kwa wasiosoma, bali kama mtihani wa mwandishi. Asiyeweza kuziandika hajaielewa kazi yake, hata kama Kiingereza chake kimenyooka kama reli.

Kodi ya dereva, ya mkulima wa kahawa na ya mama muuza ndizi wa stendi imo katika lami ile, na imo pia katika elimu ya mhandisi. Waliolipa hawadai asifiwe ng'ambo, wala hawakatai asifiwe. Wanadai waambiwe kilichoonekana. Deni la namna hii halilipwi kwa fedha. Hulipwa kwa neno lililo wazi, katika lugha ya anayedai.

Kimondo kililala Marengi vizazi na vizazi kikiwa kizito, cha kweli na kimya, hata akaja mgeni akakisemea. Barabara ya Songwe nayo ina habari zake, na safari hii walioziona kwanza wanayo kalamu.